Uzi: Wateja wako wako mtaani kwako, wacha kuwatafuta Kenya nzima

FundiWaShabab

Habari zenu wadau. Hii maneno imenikaa kwa roho muda mrefu, wacha niitoe leo. Kila wiki naona mtu anauliza "nimefungua duka, nitangaze wapi" na majibu ni yale yale, lipia tangazo, tafuta kijana wa mitandao umlipe kwa mwezi, chapisha flaya. Na huyo ameuliza mara nyingi ni mtu ameweka akiba yake yote kwa kodi na stoki, hata elfu tano hajabaki nayo. Inaniuma kwa sababu nilipitia hapo hapo.

Mimi ni fundi wa nguo, niko Shabab hapa Nakuru. Nashona yunifomu za shule, madera, suti za kina mama, pia hizi kazi ndogo ndogo za zipu na kupunguza suruali. Cherehani mbili, ovaloki moja, na dada mmoja tunasaidiana naye. Huu ni mwaka wa sita na sina mtu wa kunitangazia, nafanya mwenyewe. Lakini miwili ya kwanza nilipoteza pesa, na ndio nataka mtu mwingine asipoteze.

Nilipofungua nilichapisha flaya elfu mbili, karatasi nzuri ya kung'aa, picha ya dera nyekundu mbele. Nikalipa vijana wawili wagawe pale stegi za matatu mjini. Ilikuwa imenyesha. Jioni nikapita hapo nikienda nyumbani nikaona ile dera yangu nyekundu imekanyagwa kwa matope kutoka stegi mpaka kwa kona, mingine hata haijakunjwa, mtu amepewa akaachilia hapo hapo. Watu waliokuja dukani na ile karatasi mkononi walikuwa wawili.

Nikasema labda siku hizi ni mitandao. Nikabusti posti kwa Facebook, shilingi elfu tatu. Simu ikalia wiki nzima nikafurahi sana, kumbe ni mtu wa Kilifi anauliza dera ni pesa ngapi, mwingine wa Meru, mwingine wa Garissa. Sikuwa najua kuna mahali pa kuchagua eneo, niliacha Kenya yote. Sasa mtu wa Kilifi atakuja Shabab kupunguziwa suruali aje?

Kilichonibadilisha ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa naandika pesa tu, siandiki mtu ametoka wapi. Nikachora laini nne kwa rula, jina, kazi, pesa, na ya nne nikaandika AMETUJUAJE. Kila mtu akiingia, nikishamaliza kumpima, tepu bado iko shingoni, namuuliza tu polepole, "na kwetu ulijulia wapi?" Mwezi wa kwanza niliandika watu 38. Kumi na tisa waliletwa na mteja mwingine. Kumi na mmoja walikuwa wanapita wakaona nguo zimeangikwa mlangoni. Watano walielekezwa na vijana wa boda pale kwa stegi. Wawili waliona stetasi yangu ya WhatsApp. Mmoja hakukumbuka. Flaya sifuri, Facebook sifuri.

Nilikaa na ule ukurasa usiku mzima. Yaani pesa yangu yote ilikuwa imeenda kwa zile njia mbili hazikuleta mtu, na zile njia zilizoleta watu sikuwa nimeziwekea hata shilingi moja.

Kwa hivyo kabla hujauliza utangaze wapi, fanya hiyo daftari mwezi mmoja. Kama uko na duka la wiki mbili na wateja saba, uliza hao saba. Nitaendelea na yale nilifanya baada ya hapo, wacha nimalizie sketi ya mtu.

Kondele_Tishati

Dada umenigusa. Mimi nachapa tishati Kisumu, karibu na Kondele. Mwezi wa tano 2022 wakati wa Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, hapa Kisumu niliuza wiki moja vile sijawahi kuuza miezi mitatu, wageni wametoka kila kaunti na nchi zingine, nikaona nimefika. Nikaongeza mashine kwa mkopo. Wakaenda. Mwezi wa saba nikiangalia sina namba ya hata mmoja, sijui nani alinunua nini, na wale wateja wangu wa Manyatta na Nyalenda ambao nilikuwa nawaambia "ngoja wiki ijayo niko bize" walikuwa wameshapata mtu mwingine. Mkopo nililipa mwaka mzima. Kama ningekuwa na hiyo laini ya nne kwa daftari ningejua nani ndio ananilisha.

FundiWaShabab

@Kondele_Tishati pole sana ndugu. Na hilo la kumwambia mteja wa kila siku ngoja, hapo umesema kitu. Mteja wa mtaa akipata mwingine harudi kukuuliza, na wewe hutajua ameenda, utaona tu siku zimekuwa ndefu.

Naendelea. Nilianza na wale kumi na tisa, wateja walioletwa na wateja. Nikajiuliza, mtu anapoulizwa "hiyo nguo umeshonewa wapi" anasema nini? Jina la duka halikumbuki. Namba hana. Anasema "kuna mama fulani Shabab huko ndani". Hapo tunapoteza mtu.

Nikaanza kuweka lebo. Na sina maana ya lebo za kiwandani, hapo mwanzo sikuwa na pesa hiyo. Nilinunua utepe mweupe wa pamba, ule wa kushonea kiuno, na kalamu ya maka isiyofutika. Nakata kipande kama cha urefu wa kidole, naandika FUNDI SHABAB na namba ya simu, napiga pasi ya moto juu yake ndio wino ushike, halafu nashona ndani ya kola au ndani ya kiuno, mahali pasipokwaruza mtoto. Dakika mbili. Kwa yunifomu naacha na nafasi chini mzazi aandike jina la mtoto, na hapo wazazi walifurahi sana kwa sababu sweta hupotea shuleni kila siku.

Sasa angalia. Yunifomu nashona Januari. Mwezi wa tano shule zikifunguliwa tena mtoto ametoboa kiwiko, ama ameongezeka sketi imekuwa fupi. Mama anageuza kola anaona namba. Ananipigia. Hajatafuta, hajauliza mtu. Ile lebo imekaa kwa ile nyumba miezi minne ikinitangazia na sikuilipia tena. Saa hii naagiza zilizochapwa kwa sababu kazi imeongezeka, lakini ile ya maka ndio ilinitoa.

Wewe usiyeshona, jiulize kitu chako kinaishi wapi baada ya kuuzwa. Fundi wa simu anaweza kuweka stika ndogo ndani ya kava. Fundi wa maji abandike karibu na geti valvu, ile ya kufungia maji. Mwenye gesi kwa mtungi. Watu huweka namba yao kwa risiti na risiti inatupwa hapo nje ya mlango.

Mzee_wa_Vyuma

Mimi nachomelea milango na madirisha Bungoma miaka ishirini sasa. Kwa heshima mama, mimi naamini chema chajiuza kibaya chajitembeza. Fanya kazi safi, watu watakuja. Haya mambo ya kujitangaza naona ni ya watu ambao kazi yao haijasimama.

FundiWaShabab

@Mzee_wa_Vyuma shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu na kazi safi ndio msingi, hapo sina ubishi, mtu akitangaza kazi mbovu anaeneza tu habari ya ubovu wake haraka. Lakini nikuulize, ule mlango mzuri umechomelea ukaupeleka kwa boma ya mtu ndani huko, nyuma ya ua, nani anauona? Na akiuona atajuaje ni wewe? Wewe uko na miaka ishirini, jina lako limeshatembea lenyewe, watoto wa wateja wako wa kwanza saa hii wanajenga. Kijana aliyeanza mwaka jana hana hiyo miaka ishirini ya kungoja, kodi ni kila mwezi. Chema kinajiuza kikishaonekana.

Mzee_wa_Vyuma

Marahaba. Hapo kwa mlango nimekuelewa. Kuna fundi mwenzangu huku huwa anachomelea herufi mbili za jina lake chini kabisa kwa fremu ya geti, ndogo tu. Nilikuwa naona ni maringo. Kumbe.

MamaSaluni_Njoro

Mimi nauliza ya WhatsApp. Niko na saluni Njoro, wanafunzi wa chuo cha Egerton ndio wateja wengi. Nikituma ujumbe kwa watu wengi mara moja wengine hawapati kabisa, nadhani simu yangu iko na shida.

FundiWaShabab

@MamaSaluni_Njoro simu yako iko sawa dadangu. Ile orodha ya kutumia watu wengi mara moja, ujumbe unafika tu kwa yule ambaye ameseivu namba yako. Wewe kumseivu haitoshi. Na orodha moja inabeba watu 256 mwisho. Kwa hivyo kazi iko kabla ya kutuma, mtu akiwa bado kwa kiti unamsuka mwambie "seivu hii namba, ukitaka kujua siku niko na nafasi nitakuwa naweka hapo". Aseivu mbele yako. Hapo pia ndio ataona stetasi zako.

Na kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida hamia ile ya biashara, iko tangu 2018 na haulipii kuipakua. Unaweka saa za kufungua, unaweka picha na bei kwa katalogi, na iko na lebo za rangi unaweza kutenga wateja. Mimi niko na lebo ya "amepimwa", ya "deposti" na ya "tayari hajachukua". Hiyo ya mwisho imenisaidia kuliko zote, kila Ijumaa naangalia natuma picha ya nguo imekunjwa, "mama nguo yako iko tayari". Watu husahau si ati wamekataa. Na akija kuchukua mara nyingi anakuja na nyingine.

Kwa stetasi, inakaa masaa 24 inaenda, kwa hivyo usiweke picha thelathini mara moja, mtu anaruka zote. Mimi naweka tatu. Asubuhi kitambaa kabla sijakata, mchana ikiwa kwa cherehani, jioni mwenyewe ameivaa kama amekubali. Watu wanapenda kuona kitu kikitengenezwa, wanakungojea jioni wajue ilitokaje.

Usinunue orodha ya namba za watu. Na usichukue namba za watu kwa meseji za malipo ya M-Pesa uanze kuwatumia offa. Mtu amekulipa, hajakupatia ruhusa ya kumsumbua. Tuko na sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na inataka mtu akubali kwanza kabla utumie namba yake kwa matangazo.

mpitanjia_254

Sheria hiyo ni ya makampuni makubwa, nani atamfuata fundi wa mtaa.

FundiWaShabab

@mpitanjia_254 hapana ndugu yangu, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu inahusu watoto. 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya starehe 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila yeye kukubali. Hiyo klabu ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa inajitangaza tu, kama mimi na wewe.

Mimi nashona yunifomu, watoto wanapendeza sana siku ya kwanza, mzazi mwenyewe anachukua simu. Lakini sipigi uso wa mtoto niweke. Napiga yunifomu ikiwa kwa hanga mlangoni. Na kwa wakubwa nauliza, akikataa ni sawa, na akikubali leo akibadilisha roho kesho naitoa siku hiyo hiyo. Tusingoje mtu atufuate ndio tufanye vizuri.

Agroveti_Kakamega

Naongeza yangu. Niko na agroveti njia ya kwenda Mumias. Wakulima wa huku hawaangalii stetasi sana, lakini ukiwa na kitu cha kuonyesha watakuja kijiji kizima. 2017 wakati viwavijeshi walikuja mara ya kwanza huku magharibi hakuna mtu alikuwa anawajua, mtu anasema ni wale wa zamani wa kutoboa shina, mwingine anasema ni laana. Nilienda shamba la jirani nikachukua wawili nikaweka kwa chupa ya jemu ya kioo, kifuniko nimetoboa, ndani nimeweka jani la mahindi. Nikaweka juu ya kaunta na karatasi ya mkono, "HUYU NDIYE, angalia alama ya Y kichwani na madoa manne nyuma". Watu walikuwa wanainama wanaangalia na miwani. Wengine wanaleta wao kwa kiganja tulinganishe. Sikuwa nauza kitu hapo, wengine nilikuwa nawaambia tu walime mapema na waende kuangalia mahindi asubuhi. Lakini mpaka leo mtu akiona kitu hakielewi kwa shamba analeta kwangu kwanza.

FundiWaShabab

@Agroveti_Kakamega hii ndio mfano bora kwa huu uzi wote, asante sana mkubwa. Chupa ya jemu! Na nimependa kwamba ulikuwa unawaambia hata kama hawanunui.

mpitanjia_254

Sawa ya picha nimekubali. Lakini bei je? Mimi nauza viatu, nikiweka bei hadharani jirani anateremsha hamsini siku hiyo hiyo. Afadhali niseme "njoo inboksi".

FundiWaShabab

Hii "njoo inboksi" naomba tuizike. Najua nitakosana na wengi lakini nitasema. Mteja akiandikiwa njoo inboksi anafikiria vitu viwili, ni ghali kuliko pesa yangu, ama huyu anataka kunipima sura kwanza ndio aseme bei. Wengi hawaji. Wewe unaona wale watatu wamekuja unafikiri mbinu inafanya kazi, huoni wale ishirini wamepita kimya kimya.

Jirani yako anajua bei yako tayari, anatuma mtoto kuuliza. Anayefichwa ni mteja.

Mimi nimeandika bei kwa kadibodi mlangoni na kalamu nene. Zipu ya suruali hii, kupunguza urefu hii, sketi ya shule "kuanzia" hii. Hilo neno kuanzia ni muhimu, kitambaa hubadilika bei, saizi pia. Wiki ya kwanza niliweka ile kadibodi watu waliingia na pesa mkononi wakiwa wamehesabu. Kuna mama mmoja aliniambia amekuwa akipita hapo mwaka mzima na suruali za mzee wake kwa mfuko, anaogopa kuuliza kwa sababu duka liko na pazia na kioo akafikiri ni la watu wa pesa. Mwaka mzima! Kila siku anapita mita mbili kutoka kwa cherehani yangu. Nikifikiria hivyo nasikia vibaya mpaka leo, ni wangapi wengine.

Jirani akiteremsha hamsini mwachie. Wewe andika kitu hawezi kuandika. Mimi nimeandika "nguo ikitatuka mshono ndani ya miezi mitatu tunarudishia bure". Hiyo inanigharimu uzi na dakika kumi.

BodaLanga

Mimi ni wa boda hapa Nakuru. Umesema watano walielekezwa na sisi. Ni kweli, kila siku tunaulizwa fundi yuko wapi, kinyozi mzuri yuko wapi, nyumba za kupanga ziko wapi. Na wenye maduka wengi hawatusalimii hata.

FundiWaShabab

@BodaLanga asante kwa kusema. Nilipoona hiyo tano kwa daftari nilienda pale stegi nikajitambulisha nikawaambia mtu yeyote wa stegi hii, zipu ya jaketi na kushona mfuko uliotoboka ni bure. Sio kwa sharti alete mtu. Jaketi za boda zinaharibika zipu kila saa, nyinyi mnajua, upepo na vumbi. Mmoja alikuja anafunga jaketi na pini tatu za kawaida. Nilimbadilishia akakaa hapo kwa benchi akiniambia barabara zote anapita. Sasa wananijua kwa jina na najua watoto wao wanasoma wapi. Mwezi uliofuata kwa ile laini ya nne boda walikuwa wameruka hata wale wanaopita wakaona nguo mlangoni.

Lakini usiende kwao kama unaenda kununua watu. Wanajua.

Kondele_Tishati

Na redio mnaonaje? Kuna mtu aliniambia niweke tangazo Ramogi FM nitauza Nyanza yote.

FundiWaShabab

@Kondele_Tishati redio ni nzuri kama uko na kitu mtu wa Homa Bay na wa Siaya wanaweza kukinunua bila kukufikia. Wewe uko na uwezo wa kutuma tishati mia mbili kwa gari ya jioni? Kama ndiyo, fikiria. Kama wateja wako ni shule na vikundi vya Kisumu mjini utalipia masikio ya watu hawatakuja, ni ile Kilifi yangu tu imebadilika jina. Hata tangazo la Facebook sikatazi, saa hii nikilipia naweka duara dogo kuzunguka duka, kilomita chache, na ninalipia wiki mbili kabla shule zifunguliwe pekee.

Wewe mwenye tishati uko Kisumu, kila Jumapili soko la Kibuye limejaa watu. Vaa kazi yako utembee hapo. Nenda na sampuli tatu za saizi tofauti mtu ashike kitambaa.

MamaSaluni_Njoro

Na Google? Binti yangu aliniambia niweke saluni kwa ramani nikaona ni ya hoteli kubwa.

FundiWaShabab

Binti yako yuko sahihi kabisa. Na wewe uko na wanafunzi, kila mwaka wanakuja wapya hawajui Njoro, wanauliza simu "saluni karibu nami". Usipokuwa hapo hauko. Ni bure, unaingia na akaunti ya Google, unaweka jina, unaweka aina ya biashara, saa, namba. Watataka kuhakikisha ni ya kweli, siku hizi mara nyingi wanakuambia urekodi video ukionyesha barabara, mlango, jina la duka na vifaa vyako ndani. Mimi nilianza kwa barabara nikaingia mpaka kwa cherehani nikaonyesha na funguo nikifungua.

Halafu uombe wateja waandike maoni. Usiwape punguzo ndio waandike, Google hawaruhusu na wakigundua wanayafuta. Omba tu, siku amefurahi na nywele zake anajiangalia kwa kioo. Na akija mtu aandike vibaya mjibu kwa upole, usibishane, kwa sababu anayesoma jibu lako ni mteja wa kesho. Na saa uweke za kweli. Ukiandika unafungua saa mbili na mtu akuje saa mbili apate kufuli, huyo umemtafuta mwenyewe ukamfukuza.

ChapoNaMaharagwe

Samahani nimechelewa kwa uzi, nimesoma wote. Nimefungua kibanda cha chapati na maharagwe Free Area hapa Nakuru wiki tatu zilizopita. Sina pesa ya bango. Nimeandika jina la kibanda kwa ubao lakini watu wanapita tu. Jina ni la mamangu marehemu kwa hivyo sitaki kulitoa.

FundiWaShabab

Pole kwa mama, na usilitoe jina lake. Liweke tu chini, herufi ndogo. Juu kabisa kwa herufi kubwa andika CHAPATI MOTO, halafu bei. Mtu wa matatu na mtu wa haraka ana muda wa kusoma maneno mawili, na jina la mtu halimwambii kuna chakula hapo.

Fanya hivi kesho. Vuka barabara usimame upande ule mwingine, mahali watu hushukia. Angalia kibanda chako kama hujawahi kukiona. Unasoma nini? Unaona chapati ama unaona mgongo wako? Mimi nilipovuka niligundua mwamvuli wa mama mboga unafunika jina langu lote, na nilikuwa nimekaa hapo ndani miezi nane bila kujua. Nikaongea naye akasogeza kidogo, na mimi nikamshonea turubai lake lililopasuka.

Tangazo la bango kubwa la kuning'inia nje ya duka lipia tu ukishauliza kaunti, kuna ada yake, usije ukatengeneza likaondolewa. Na spika ya kupigia kelele wacha, kuna kanuni za kelele tangu 2009 na majirani wako ndio wateja wako.

Unapika chapati nje ama ndani?

ChapoNaMaharagwe

Ndani, nyuma ya pazia. Nje kuna vumbi.

FundiWaShabab

Jiko lisogee mbele, karibu na dirisha, weka kioo ama hata plastiki safi ya kuona ndani ndio vumbi isiingie. Ukigeuza chapati mtu aone mkono wako na asikie ile harufu. Saa kumi na mbili jioni watu wakishuka kwa matatu ndio uwe unapika ya moto, usipike zote saa tisa ukaziweka kwa kifuniko. Na kesho uwe na daftari.

ChapoNaMaharagwe

Nimevuka barabara jioni hii. Nilikuwa naonekana mgongo na mtungi wa maji wa buluu, basi. Hata sufuria haionekani. Nimetoa mtungi, nimesogeza jiko, plastiki nitanunua kesho. Ubao nimeufuta nikaandika CHAPATI MOTO na bei kwa chaki, jina la mama liko chini kwa kona. Leo wamesimama watu tisa hawakuwa wangu. Nimesahau kuwauliza wamenijuaje.

FundiWaShabab

Hao tisa wamekuona, andika "wamepita" mara tisa. Kesho anza kuuliza.